Terry Fox: Aliyekimbia kwa mguu mmoja kuchangia utafiti wa saratani

KATIKA orodha ya wanamichezo waliotumia jasho lao kuwatafutia wengine uhai, jina la Terry Fox wa Kanada limo miongoni mwa yale ya mwanzo kabisa. Hakuwahi kutwaa medali ya Olimpiki, hakuweka rekodi ya dunia, na hata mbio zilizompa umaarufu hakujaliwa kuzimaliza. Alifariki dunia Juni 28, 1981, akiwa na umri wa miaka 22, ukiwa umebaki mwezi mmoja tu atimize miaka 23. Hata hivyo, fedha zilizochangwa kwa jina lake zimekwishapita dola milioni 850 za Kanada, kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa wa saratani.

Siku hizi si ajabu kusikia watu wakipanda mlima mrefu, wakiendesha baiskeli kutoka mji hadi mji au wakikimbia marathoni ili kuchangisha fedha za hospitali, shule au watoto yatima. Lakini mwaka 1980, wazo la kijana mwenye mguu mmoja kukimbia nchi nzima kutoka bahari hadi bahari, kilomita 42 kila siku, lilionekana kwa wengi kuwa ndoto ya mchana. Wapo waliomhurumia, wapo waliomcheka, na wapo waliodhani kuwa anatafuta sifa.

Mtoto asiyekubali kushindwa

Terrance Stanley Fox alizaliwa Julai 28, 1958 katika mji wa Winnipeg, jimbo la Manitoba. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne wa Rolland na Betty Fox. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa shirika la reli. Mwaka 1966 familia hiyo ilihamia Surrey, katika jimbo la British Columbia lililoko magharibi ya nchi, na mwaka 1968 ikaweka makazi ya kudumu katika mji mdogo wa Port Coquitlam.

Tangu utotoni Terry alipenda michezo kuliko kitu kingine chochote, ingawa hakuzaliwa na kipaji kikubwa wala umbo la kumsaidia. Alipofika shule ya sekondari alitamani mno kucheza mpira wa kikapu, lakini alikuwa mfupi kuliko wenzake wengi na uchezaji wake haukumvutia mtu. Mwalimu wake wa michezo alimshauri ajaribu mbio za nyika. Terry hakuzipenda mbio hizo, lakini alizikimbia kwa sababu alimheshimu mwalimu huyo na hakutaka kumwangusha.

Mpira wa kikapu hakuuacha. Katika msimu wake wa kwanza alikaa benchi na kuambulia dakika moja tu uwanjani. Kijana mwingine angekata tamaa. Yeye aliamka mapema na kufanya mazoezi pamoja na rafiki yake mkubwa, Doug Alward, hadi akapata namba ya kudumu katika timu. Walipofika mwaka wa mwisho wa sekondari, wawili hao waligawana tuzo ya mwanamichezo bora wa shule. Kisha Terry akajiunga na Chuo Kikuu cha Simon Fraser, ambako alisomea taaluma ya mwendo wa mwili wa binadamu kwa nia ya kuwa mwalimu wa michezo, na akapata nafasi katika timu ya vijana ya chuo hicho.

Maumivu ya goti

Novemba 12, 1976, Terry alikuwa akiendesha gari kurudi nyumbani. Macho yake yalivutwa na ujenzi wa daraja uliokuwa kando ya barabara, akaligonga kwa nyuma gari lililokuwa mbele yake. Gari lake liliharibika, lakini yeye alitoka na maumivu ya goti la kulia tu. Mwezi uliofuata maumivu hayo yalirejea, naye akaamua kuyavumilia hadi msimu wa mpira wa kikapu umalizike.

Machi 1977 hakuweza tena kuvumilia. Alikwenda hospitali, na huko akaambiwa kuwa ana osteosakoma, aina ya saratani ya mifupa ambayo mara nyingi huwapata vijana na huanzia karibu na goti. Ifahamike kuwa ajali haikuwa chanzo cha ugonjwa huo, ingawa Terry mwenyewe aliamini kuwa ilidhoofisha goti lake. Madaktari walimweleza kuwa mguu lazima ukatwe na kwamba baada ya hapo angehitaji tiba ya dawa kali za saratani. Walimweleza pia kuwa nafasi yake ya kupona ilikuwa asilimia 50. Miaka miwili tu nyuma, mgonjwa wa aina yake angeambiwa asilimia 15.

Takwimu hiyo ndiyo ufunguo wa maisha yake yote yaliyofuata. Kijana wa miaka 18 aligundua kuwa tofauti kati ya 15 na 50 haikuletwa na bahati, bali na watu waliokaa maabara wakitafuta dawa. Na kazi ya maabara huhitaji fedha.

Usiku wa kuamkia upasuaji, kocha wake wa zamani wa mpira wa kikapu alimletea jarida la wanariadha. Ndani yake kulikuwa na habari za Dick Traum, Mmarekani mwenye mguu wa bandia aliyekuwa amemaliza marathoni ya New York mwaka 1976. Kesho yake mguu wa kulia wa Terry ulikatwa sentimita 15 hivi juu ya goti, lakini habari ile ilibaki kichwani mwake.

Kwa muda wa miezi 16 alipata tiba katika kituo cha saratani cha jimbo lake. Nywele zilinyonyoka na mwili ukadhoofu. Lakini kilichomtesa zaidi kilikuwa kuwaona wagonjwa wenzake, baadhi yao wakiwa watoto wadogo, wakidhoofika na kufa vitandani. Alitoka humo akijiona kuwa ana deni. Yeye alipona ilhali wengine hawakupona, kwa hiyo hakuona haki ya kurejea katika maisha ya kawaida kana kwamba hakuona kitu.

Maandalizi ya siri

Katika kiangazi cha mwaka 1977, mwanamichezo mwingine mlemavu, Rick Hansen, alimwalika kucheza mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu. Terry alikuwa bado katika tiba, lakini alikubali, na akawa mmoja wa wachezaji wa timu iliyotwaa ubingwa wa taifa mara tatu.

Mwaka 1979 alianza kukimbia. Familia yake aliiambia kuwa anajiandaa kwa marathoni. Lengo lake halisi alilificha. Mguu wa bandia wa wakati ule ulitengenezwa kwa ajili ya kutembea na haukufaa kwa kukimbia. Baada ya kila hatua ulihitaji muda kidogo kurudi katika nafasi yake, kwa hiyo ilimlazimu aruke mara mbili kwa mguu mzima huku akiusubiri ule wa bandia. Ndiyo maana mwendo wake ulikuwa wa pekee, wa kuruka na kuchechemea, ambao baadaye Wakanada wote waliutambua hata kwa mbali. Kigutu chake kilichubuka na kutoa damu, mguu mzima ukaota malengelenge, na mara kwa mara alianguka. Kwa muda wa miezi 14 alikimbia zaidi ya kilomita 5,000 za mazoezi. Siku ya Krismasi alipumzika, nayo ni kwa sababu mama yake alimsihi.

Katika mwaka huo alishiriki mbio za kilomita 27 mjini Prince George. Alishika nafasi ya mwisho, dakika kumi nyuma ya aliyemtangulia, lakini watu waliokuwa mwisho wa mbio walimpokea kwa makofi na machozi. Hapo ndipo alipoitobolea siri familia yake kwamba anataka kuvuka Kanada. Mama yake alipinga kwanza. Hakuna mzazi ambaye angefurahi kumwona mwanawe, aliyetoka juzi tu katika mikono ya mauti, akienda kujitesa barabarani. Lakini Betty Fox alimjua mwanawe, na hatimaye akasimama upande wake.

Oktoba 1979 Terry aliandika barua kwa Chama cha Saratani cha Kanada akiomba kiunge mkono safari hiyo. Viongozi wa chama walikuwa na mashaka. Walimtaka atafute wafadhili wake mwenyewe na alete cheti cha daktari. Vipimo vilionyesha kuwa moyo wake ulikuwa umetanuka, hali inayoonekana kwa baadhi ya wanariadha, na daktari akamwonya kuhusu hatari yake. Alipewa ruhusa baada ya kuahidi kuwa angesimama mara moja endapo angehisi tatizo la moyo.

Wafadhili walipatikana. Kampuni ya Ford ilitoa gari lenye mahali pa kulala, Imperial Oil ikatoa mafuta, na Adidas ikatoa viatu. Lakini Terry aliweka sharti ambalo halikuwa la kawaida. Hakuna kampuni iliyoruhusiwa kumtumia kutangaza bidhaa zake, na hakuna mtu, yeye akiwa wa kwanza, ambaye angefaidika na senti hata moja ya michango. Waliotaka awapigie debe aliwakatalia.

Kutoka Atlantiki

Aprili 12, 1980, katika bandari ya St. John's, Newfoundland, Terry aliutumbukiza mguu wake wa bandia katika maji ya Bahari ya Atlantiki. Akajaza maji hayo katika chupa mbili, moja ya kumbukumbu na nyingine ya kumimina katika Bahari ya Pasifiki atakapofika Victoria, umbali wa kilomita 8,000 hivi. Safari hiyo aliipa jina la Marathoni ya Matumaini. Doug Alward ndiye aliyeendesha gari, akapika na kupokea michango.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Upepo mkali, mvua na theluji vilimpokea. Katika sehemu nyingi hapakuwa na mtu aliyejua kuwa anapita. Faraja ya kwanza kubwa aliipata Port aux Basques, mji wa watu wapatao 10,000, ambako wakazi walimkabidhi zaidi ya dola 10,000. Ilikuwa sawa na dola moja kwa kila mkazi. Kutokana na hesabu ya aina hiyo lengo lake lilikua. Alikuwa ameanza kwa kuwaza dola milioni moja, kisha milioni 10. Sasa akataka dola moja kutoka kwa kila Mkanada, yaani takriban dola milioni 24.

Uchovu ulileta ugomvi. Yeye na Doug, waliokuwa wameshibana tangu utoto, walifika mahali pa kutosemezana, hadi wazazi wa Terry wakalazimika kusafiri kwenda kuwapatanisha. Mdogo wake Darrell, mwenye umri wa miaka 17, alijiunga nao akawa mtu wa kati. Katika jimbo la Quebec, ambako wakazi wengi huzungumza Kifaransa, habari zake zilikuwa hazijaenea, na mara nyingine madereva walimsukumia pembeni mwa barabara. Alipofika Montreal Juni 22, alikuwa amekamilisha theluthi moja ya safari na kukusanya zaidi ya dola 200,000.

Ndipo alipojitokeza Isadore Sharp, mwanzilishi wa hoteli za Four Seasons. Sharp alikuwa amempoteza mwanawe kwa saratani mwaka 1978, na simulizi ya Terry ilimgusa kama baba. Alitoa chakula na malazi katika hoteli zake, akaahidi dola mbili kwa kila maili, na akazishawishi karibu kampuni 1,000 kufanya hivyo.

Ontario yaamka

Jimbo la Ontario lilimpokea kama shujaa. Katika mji wa Hawkesbury, mwishoni mwa Juni, maelfu ya watu walijipanga barabarani huku bendi ikipiga. Mjini Ottawa alikutana na Gavana Mkuu Ed Schreyer na Waziri Mkuu Pierre Trudeau, na akapewa heshima ya kupiga mpira wa kufungua mechi mbele ya watazamaji 16,000 waliosimama kumshangilia. Toronto, Julai 11, watu wapatao 10,000 walijazana katika uwanja wa Nathan Phillips. Mchezaji nyota wa mpira wa magongo ya barafuni, Darryl Sittler, alikimbia naye na kumvika jezi yake. Gwiji mwingine wa mchezo huo, Bobby Orr, alimkabidhi hundi ya dola 25,000, na Terry alilihesabu tukio hilo kuwa kilele cha safari yake.

Umaarufu nao ulikuwa na gharama. Kila mji ulitaka ausimamie na kuuhutubia, naye hakupenda kumkatalia mtu. Magazeti mengine yalimwandika kuwa ni mkali kwa wenzake na mwenye hasira. Miguu ilivimba, kigutu kilitunga vidonda, kizunguzungu kilimshika. Siku aliyotimiza miaka 22 alikimbia kama siku nyingine. Walipomshauri apimwe mara kwa mara na madaktari, alikataa. Hapa ndipo ushujaa na ukaidi vinapokuwa vigumu kutenganisha, na hata waliompenda walitofautiana kuhusu jambo hilo.

Septemba 1, 1980, nje kidogo ya mji wa Thunder Bay, alishikwa na kikohozi kikali na maumivu ya kifua. Watu walikuwa wamejipanga barabarani wakimshangilia, naye hakutaka kusimama mbele yao. Aliendelea hadi alipovuka mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha, kisha akapanda gari na kuomba apelekwe hospitali. Saratani ilikuwa imerejea na kuingia katika mapafu. Alikuwa amekimbia siku 143 na kilomita 5,373, wastani unaokaribia marathoni nzima kila siku, na michango ilikuwa imefikia dola milioni 1.7.

Wenzake, akiwamo Sittler, walikuwa tayari kumalizia umbali uliobaki. Terry alishukuru lakini akakataa, kwani alitumaini kupona na kuumalizia mwenyewe.

Taifa lamalizia

Wiki moja baadaye kituo cha televisheni cha CTV kiliandaa harambee ya moja kwa moja hewani. Ndani ya saa tano zilipatikana dola milioni 10.5, zikiwamo milioni moja kutoka Serikali ya British Columbia na milioni moja kutoka ile ya Ontario. Michango iliendelea kumiminika majira yote ya baridi. Februari 1981 mfuko ulifikia dola milioni 24.17, wakati Wakanada wakiwa milioni 24.1. Dola moja kwa kila mtu, ndoto iliyoanzia Port aux Basques, ilitimia Terry akiwa hai, ingawa kitandani.

Nishani zilifuatana. Mwezi huohuo wa Septemba alitunukiwa nishani ya daraja la juu la Order of Canada, akiwa mtu mdogo kuliko wote waliowahi kuipata. Alipewa pia tuzo ya mwanamichezo bora wa taifa kwa mwaka 1980. Lakini mwili haukuitika kwa tiba. Juni 1981 alipata nimonia, akapoteza fahamu, na alfajiri ya Juni 28 akafariki dunia katika hospitali ya Royal Columbian, New Westminster, akiwa amezungukwa na familia yake. Serikali iliagiza bendera zipepee nusu mlingoti nchini kote, heshima ambayo kwa kawaida ilikuwa ya viongozi wa nchi. Alizikwa Port Coquitlam, mji aliokulia.

Urithi usiouzwa

Kabla ya kifo chake, Isadore Sharp alikuwa amemwahidi kuandaa mbio za kila mwaka kwa jina lake. Terry alikubali kwa masharti yaleyale: kusiwe na mshindi wala zawadi, na kusiwe na matangazo ya biashara. Mbio za kwanza zilifanyika Septemba 13, 1981. Watu 300,000 walikimbia, wakatembea au kuendesha baiskeli, na dola milioni 3.5 zikapatikana. Tangu hapo mbio hizo zimevuka mipaka na kufika nchi nyingi, hadi Abu Dhabi katika Ghuba. Mama yake, Betty, ndiye aliyekuwa mlinzi mkuu wa masharti ya mwanawe kwa miaka 30, akizunguka shuleni na kuwakatalia waliotaka kulifanyia biashara jina hilo, hadi alipofariki Juni 2011. Mwaka 2007 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa saratani yenye jina la Terry Fox, inayounganisha watafiti wa vituo mbalimbali vya nchi hiyo.

Wapo pia waliofuata nyayo zake. Steve Fonyo, kijana mwingine aliyepoteza mguu kwa saratani, alivuka Kanada nzima kati ya mwaka 1984 na 1985. Rick Hansen, yule aliyemwita Terry katika mpira wa kikapu, alizunguka dunia kwa kiti cha magurudumu kuanzia 1985 hadi 1987 na kuchangisha mamilioni kwa ajili ya watu walioumia uti wa mgongo. Karibu na Thunder Bay, sehemu aliyolazimika kusimama, imejengwa sanamu yake ya shaba. Mlima mmoja katika safu za Rocky una jina lake, na Desemba 2024 Serikali ya Kanada ilitangaza kuwa picha yake itawekwa katika noti mpya ya dola tano.

Hata hivyo, kipimo cha haki cha kazi yake kiko hospitalini zaidi kuliko katika sanamu. Leo, mgonjwa wa osteosakoma anayegunduliwa mapema na kupata tiba kamili ana nafasi ya kupona inayofikia takriban saba katika kumi, na mara nyingi madaktari huweza kuondoa sehemu iliyougua bila kukata mguu. Mafanikio hayo ni ya watafiti wa nchi nyingi na miaka mingi, wala hayawezi kuandikwa kwa jina la mtu mmoja. Bado hayajamfikia kila mgonjwa, kwani kijana anayechelewa kufika hospitali, kama alivyochelewa Terry akisubiri msimu wa mpira umalizike, hukuta mlango umekuwa mwembamba.

Terry Fox aliondoka na kilomita zaidi ya 2,600 zikiwa hazijakimbiwa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, naye aliwafundisha watu milioni 24 maana ya methali hiyo bila kuijua: kila mmoja dola moja, na kila siku hatua moja, hata kama hatua hiyo ni ya kuchechemea.